Mwaka Dada Zuhura Alipowekwa Ndani

Kwenye arobaini ya dada yangu Zuhura, hapa Kimamba, mjukuu wake Hamisi alisimama na simu mkononi akatusomea maisha ya marehemu. Alisoma vizuri, sauti yake ni ya kubembeleza kama ya mtu wa redio. Akafika mahali panaposema, "Marehemu alichaguliwa kwenda kusoma Uingereza, lakini kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wake hakuweza kusafiri." Watu wakatikisa vichwa, wakasema masikini, wakarudi kwenye pilau. Mkono wangu ulibaki sahanini. Sababu zilizo nje! Hakuna hata moja iliyokuwa nje. Zote zilikuwa ndani ya chumba kimoja cha udongo kule Mikumi, na chumba kile nilikifagia mimi, nililala mimi humo, chini, miguuni pa kitanda chake. Wengine wote waliokuwamo au waliokaa barazani kwake wamekwisha kwenda. Shule yangu iliishia darasa la nne na herufi zangu ni kubwa kama vikapu, lakini majina ninayo yote, halijanidondoka hata moja. Basi na niandike, Hamisi asome tena siku nyingine.

Ulikuwa mwaka ambao mkonge una bei. Mashine ya kusaga mkonge, korona tuliyoiita, ilinguruma toka alfajiri, na harufu ya majani yaliyosagwa iliingia kwenye maji ya kunywa, kwenye nguo, mpaka kwenye uji. Tulikaa kwenye nyumba za kambi, na Dada Zuhura alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni, anafundisha watoto wadogo karibu na stesheni. Mwanamke mwalimu wakati huo alikuwa kitu cha kutazamwa. Wakata mkonge wakipita na mapanga yao walikuwa wanamwamkia shikamoo, watu wazima kabisa, naye anaona haya anajibu marahaba kwa sauti ndogo huku akitazama chini. Alikuwa na miaka kama kumi na minane. Mimi nilikuwa mdogo, kifua bado hakijaota vizuri.

Mzungu aliyemchagua tulimwita Bibi Miwani. Jina lake la kwao nalijua lakini silitaji, wajukuu zake huenda wako hai. Kazi yake bomani Kilosa ilikuwa mambo ya maendeleo ya wanawake: kushona, kupika uji wa watoto, kuchemsha maji. Alikuja na Landrova yake mchana, Mama yuko kinuni, akasimama pembeni akangoja mchi utulie, kwa maana adabu alikuwa nayo. Kiswahili chake kilikuwa safi, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi.

"Mama Zuhura, nimekuja na furaha," akasema. "Binti yako amekubaliwa. Atakwenda Uingereza kusoma muhula mmoja, kisha atarudi kuwafundisha wenzake. Ni wasichana wachache sana waliokubaliwa."

Mama akaushika mchi kama fimbo ya kuegemea. "Uingereza kwenyewe? Kule mnakotoka nyinyi?"

"Kule kule."

"Atalala kwa nani?"

"Kuna nyumba ya wasichana wanafunzi. Atakuwa na kitanda chake na blanketi zake."

"Na nani atamwambia hiki kula, hiki usile?"

Bibi Miwani akacheka. Mama hakucheka. Lakini alipoondoka, Mama alipiga kigelegele kimoja, kirefu, mpaka Mama Skolastika wa nyumba ya tatu akatoka na unga mikononi kuuliza nani kazaa. Nalisema hili kwa sababu watu wa leo wakisikia habari hii huwa wanamlaumu Mama. Mama alitaka Zuhura aende. Wote walitaka aende. Hapakuwa na adui katika jambo hili hata mmoja, na ndiyo maana mpaka leo sina wa kumchukia.

Zikaanza shughuli. Tulikwenda Kilosa na gari moshi, Dada, Mama na mimi. Hospitali wakamgonga kifuani na kumchungulia mdomoni. Mhindi mpiga picha akamkalisha kwenye stuli mbele ya shuka jeupe akamwambia, "Binti, usicheke, hii picha ya pasi, siyo ya harusi," naye ndiyo akazidi kucheka, akapigwa mara tatu. Baada ya hapo tulikula kwa Mwarabu, chai na maandazi, na Dada akaomba kisu na uma ajizoeze. Yule Mwarabu akauliza kwa mshangao, "Andazi kwa uma?" Tulicheka mpaka Mama naye akacheka. Nakumbuka jasho juu ya mdomo wa juu wa Dada, na jinsi alivyolikata lile andazi vipande vidogo vidogo akanilisha kimoja. Hiyo ndiyo siku ninayoirudia. Nikisema safari ya Dada Zuhura, maana yangu ni ile ya kwenda Kilosa na kurudi.

Tuliporudi, Bibi Miwani alikuwa amemletea Dada sanduku, koti zito linalonuka dawa ya nondo, na viatu vyeusi vyenye kisigino. Mama akavipanga juu ya mkeka akavitazama. "Kila kitu tayari," akasema. "Bado yeye mwenyewe."

Sasa hapa nieleze. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Huitwa mwali, hukaa chumbani miezi, haonwi na mwanamume, hafundishwi na mama yake bali na kungwi, kisha hutolewa kwa ngoma na hapo ndipo huhesabiwa mtu. Dada alivunja ungo akiwa bweni. Wenzake wakaingia na kutoka, yeye yuko darasani. Ilikuwa imesahauliwa, au tuseme ilikuwa imenyamaziwa, maana msichana yuko nyumbani, tunamwona, hana neno. Safari ndiyo iliyoifufua. Mjomba Maneno alipokuja kutoka Malolo na kikapu cha vitunguu, kaka mkubwa wa Mama, mwenye amri juu yetu kuliko baba yetu kama ilivyo desturi ya kwetu, alikula kambare na ugali wa mtama hadi alipotosheka, akanawa, ndipo akasema. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa makuti naosha vyombo.

"Nani anayempinga kwenda? Na aende, jina letu liende. Lakini dada yangu, mtu ambaye hajatolewa nyumbani tunamtoaje nje ya nchi? Akipatwa na jambo huko, mizimu itamjua kwa lipi? Watauliza, huyu mtoto ni wa nani? Hatutakuwa na jibu."

Mama akasema, "Muda utatosha, kaka?"

"Utatosha. Meli si mpaka baada ya mavuno? Mimi mwenyewe namwingiza, mimi mwenyewe namtoa mahindi yakikauka. Atatoka hapo anang'aa, anapanda meli."

Dada alikuwa hapo hapo. Angeweza kukataa, mwalimu mzima, mwenye mshahara. Alisema, "Mjomba, nitaingia. Ni miezi tu." Na aliniambia usiku ule kwamba anafurahi, kwamba bweni wenzake walikuwa wanamcheka wakimwita mtoto, kwamba sasa atakwenda Ulaya ametimia. Nikaachishwa shule nimsindikize, kwa kuwa mwali hakai peke yake. Naye akaniahidi kwamba akirudi atanipeleka ile shule yake ya bweni kwa mshahara wake. Kwa hiyo nami nilikuwa nasafiri kwa namna yangu.

Nyumba ya ukoo wetu ilikuwa Mikumi, kwa Bibi Mgeni, aliyekuwa kungwi wa wengi. Mikumi ya wakati huo ilikuwa vibanda vichache na barabara ya vumbi ipandayo Iringa, na tembo walikuwa wanapita nyuma ya choo bila kubisha hodi. Mjomba Maneno alimshika Dada mkono wa kulia akamvusha kizingiti. Chumba kilikuwa hakina dirisha. Mwanga uliingia kwa juu, pale ukuta unapoachana na paa, na asubuhi ulikuwa kama utepe mwembamba unaotembea juu ya ukuta. Kulikuwa na kitanda cha kamba za mkonge, chungu cha maji, na uchaga wa mahindi juu yetu ambamo panya walicheza ngoma yao. Mlango haukuwa na ubao. Ulikuwa na gunia tu, gunia la mkonge lililofumuliwa na kutundikwa, lina herufi za kampuni zimegeuka juu chini. Mtu angelisukuma kwa kidole.

Kwa siku za mwanzo tulicheka sana mle ndani, kwa kuziba midomo. Mwali hapazi sauti, havai kiatu, hutembea kama paka. Lakini Dada alikuja na sanduku lake, Mjomba aliruhusu, na ndani ya sanduku mlikuwa na kisu, uma na vile viatu. Bibi Mgeni akileta chakula, Dada alikuwa anaketi wima kama alivyofundishwa na Bibi Miwani, mimi namshikia sahani, anajaribu uma kwenye mlenda. Wewe umewahi kuona mtu anakula mlenda kwa uma? Unapanda nao mpaka karibu na mdomo, unateleza wote unarudi chini. Bibi Mgeni alimkuta siku moja akasimama mikono kiunoni.

"Haya, mke mwenzangu, unavua samaki?"

"Najifunza, Bibi. Ulaya hawali kwa mkono."

"Na mume wa Ulaya naye analishwa kwa chuma?"

"Siendi kutafuta mume, Bibi. Naenda kusoma."

"Kila mwanamke niliyemtoa humu alikuwa anakwenda mahali," Bibi Mgeni akasema. "Hakuna aliyeniambia anakwenda kwa mume. Wote niliwachezea arusi zao." Akaliinua bakuli, akambandika Dada kibao kidogo cha mapenzi shavuni, akatoka akiimba.

Nayo mafundisho yake sitayaandika, hayaandikwi. Nitasema tu kwamba mchana kungwi alimfundisha Dada mambo yake, na jioni Dada alinifundisha mimi yake, hesabu za kugawanya na majina ya miji ya Uingereza, kwa kuchora sakafuni na kijiti, kisha tunafuta kwa mguu. Na katikati ya hayo alivaa vile viatu. Alisema miguu yake imezoea vumbi, ataanguka mbele ya watu kwenye ngazi za meli. Alitembea toka kitandani hadi kwenye chungu na kurudi, ko, ko, ko, juu ya sakafu ya udongo iliyopigwa ikawa ngumu. Jirani yetu Bi Tausi, aliyekuwa anaanika mpunga upande wa pili, akasikia. Hakusema neno siku ile. Aliliweka.

Mahindi yalipoanza kukauka, Mjomba Maneno akafa. Alikuwa analinda shamba lake dhidi ya nguruwe, akanyeshewa, akapata homa ya kifua iliyomchukua upesi. Mjumbe aliyeleta habari alisimama barazani akasema na Bibi Mgeni, nasi tukasikia yote kupitia gunia. Dada akafungua mdomo kulia, nikaona ulimi wake, lakini sauti haikutoka, kwa sababu mwali halii kwa sauti hata kwa msiba. Alichukua lile koti la Ulaya akauzika uso wake humo. Watu wazima wote wakaenda Malolo kuzika. Mwali haendi msibani, tukabaki na mtoto wa jirani anayetuletea viazi.

Waliporudi walikaa barazani wakipumzisha miguu, na ndipo maneno yakaanza kudondoka. Sauti ya Bi Tausi naijua hata leo, ilikuwa na kikohozi katikati.

"Mimi sisemi kitu. Lakini nilisikia viatu. Viatu, chumbani mwa mwali! Nikajiambia, Tausi, nyamaza, wenye mtoto wanajua. Sasa haya. Aliyemwingiza ndiye aliyekanyagwa."

"Nyamaza, atasikia," mwingine akasema, nadhani Binti Salumu.

"Na asikie."

Dada alisikia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na viatu vilikuwa sakafuni karibu na miguu yake. Akavichukua, akavifunga kwenye kanga, akaviweka sandukuni chini kabisa, chini ya koti. Toka siku ile hakuvivaa tena, na hesabu za sakafuni zikaisha. Mimi nilikuwa mtoto, nilimwambia, "Dada, viatu haviui mtu." Akanijibu, "Najua, Mwajuma. Mimi ni mwalimu, najua. Lakini Mama yeye anajua nini?" Nimeishi nalo jibu hilo miaka yote. Hakuogopa mizimu. Aliogopa kijiji kizima kumgeukia Mama na kusema, binti yako kaua, na sasa kajitoa mwenyewe ili amalizie waliobaki.

Maana hilo ndilo lililokuwa tatizo jipya. Aliyemwingiza mwali ndiye amtoaye. Akifa, anangojwa mrithi wake, aketishwe kwenye kigoda cha marehemu, apewe jina, ndipo anyooshe mkono. Mrithi wa Mjomba Maneno alikuwa mdogo wake, Mjomba Athumani, naye aligombana zamani na mnyapara wa Kimamba akaondoka kwa hasira kwenda kukata mkonge Tanga, akatia kidole kwenye mkataba pamoja na manamba wengine. Manamba hawezi kuondoka atakavyo. Ana kadi yake, kipande, ambayo karani huichora kila siku anayomaliza sehemu yake ya kukata. Kipande hakijajaa, hapati kitu, na mkataba haujaisha, akiondoka anafuatwa na askari. Alitumiwa habari. Akajibu kwa mdomo wa mtu wa gari moshi kwamba analia, kwamba atakuja, kwamba wamngoje.

Yupo mtu mmoja aliyejaribu kutuokoa, nami namtaja kwa heshima. Masanja, Mnyamwezi wa korona, mtani wetu. Unajua mtani kwenye msiba: ndiye achimbaye kaburi, ndiye awachekeshaye wafiwa, huchukua kuku wako mchana kweupe na huna la kusema. Alirudi na akina mama kutoka Malolo amevaa kofia ya marehemu kichwani, akaketi mbele ya gunia letu akalipigia makofi.

"Hodi mle ndani! Wasagara nyinyi ni watu wa ajabu. Mnapata mtu wa kwenda Ulaya, mnamfungia kama kuku anayeatamia. Yatatoka mayai ya Kizungu humo?"

Wanawake wakacheka, wengine kwa machozi bado.

"Nasema hivi," Masanja akaendelea, na sauti ikabadilika kidogo, utani ukabaki juu juu tu. "Mtani havunji mwiko, maana hana mwiko kwenu. Nipeni jogoo mmoja, namshika huyu mtoto mkono sasa hivi, namvusha kizingiti, nampeleka mpaka stesheni. Mizimu yenu ikikasirika, inikasirikie mimi. Mimi nimeshazoea kutukanwa nanyi."

Ndani, Dada alisimama. Naona sasa hivi vidole vyake vya miguu, jinsi vilivyojikunja kwenye udongo. Mama akasema polepole, "Bibi Mgeni, huenda…" Na sijapata kusikia sauti ya mama yangu ikiomba vile tena.

Sidhani Bibi Mgeni alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amebeba kitu alichopewa na waliomtangulia, na hakupewa ruhusa ya kukipunguza. "Masanja," akasema, "ungeniomba ng'ombe ningekupa. Lakini mtani huzika, hatoi mwali. Mkono uliotoka kaburini haushiki mtoto huyu."

Masanja akavua ile kofia. "Basi," akasema. "Mimi nimesema." Akaondoka bila jogoo.

Bibi Miwani akaja. Alikuwa ameandika mara mbili, hajajibiwa, akaiendesha Landrova yake mpaka Mikumi kwenye tope. Bibi Mgeni hakumzuia. Mwanamke kuja kwa mwali si vibaya. Lakini yeye mwenyewe hakuvuka gunia, alisema hataki kuvunja adabu ya nyumba. Akaketi kwenye kigoda upande wa nje, Dada akaketi sakafuni upande wa ndani, na gunia katikati yao, wakaongea Kiingereza. Sikuelewa neno. Nilisikia sauti ya Bibi Miwani ikipanda, ikishuka, ikanyamaza, nikasikia anapenga kamasi. Dada alijibu maneno machache, yale yale, mara kwa mara. Nje Mama alikuwa amekaa na mikono mapajani akimtazama Mzungu mdomoni kana kwamba maneno yangeonekana. Gari lilipoondoka nikamwuliza Dada, amesema nini?

"Amesema nivae viatu nitoke. Gari iko mlangoni."

"Nawe?"

"Nimemwambia namngoja mjomba."

"Umemwambia mara zote hizo?"

"Hakuwa anaelewa," akasema. "Kiingereza changu ni kibaya." Kiingereza chake hakikuwa kibaya.

Mvua za vuli zilinyesha. Chakula kikawa kisamvu na viazi, kisamvu na viazi. Dada aling'aa kweli, kama alivyosema Mjomba, akawa mweupe kwa kukaa kivulini, mnono kidogo, ngozi laini kama ya mtoto. Kila mwanamke aliyeingia alimsifu. Siku ya meli hatukuambiwa. Tuliijua kwa kuwa Mama alikuja kutoka Kimamba amebeba samli, kitu kisicholetwa bila sababu, akampaka Dada nywele zote, taratibu. Baadaye tulisikia nafasi yake amepewa msichana wa Iringa. Mpaka leo kuna wakati nikiamka namfikiria msichana yule wa Iringa. Sijui kama aliteleza kwenye ngazi.

Mjomba Athumani alifika mkonge umemchana mikono yote. Alikuwa mtu mpole, mwenye aibu ya kuchelewa, akaketishwa kwenye kigoda, akaitwa Maneno, na siku ya pili akasimama mbele ya gunia akanyoosha mkono. Ngoma ilikuwa kubwa, sijaona nyingine kama hiyo. Watu walikuja toka Kidete, toka Malolo, wapishi walikuwa Binti Salumu na Mama Skolastika, kulikuwa na mbuzi, na pombe ya mtama kwa wasiosali. Dada alicheza. Alicheza macho yameinama kama inavyotakiwa, mabega yakisema peke yake, wanawake wakamwaga vigelegele, na Bi Tausi yule yule akamvika kanga mpya akalia kwa furaha. Masanja akajisogeza kama mtani apaswavyo, akapiga saluti.

"Shikamoo Bibi wa Ulaya! Umerudi? Habari za huko?"

Umati ukalipuka kicheko. Dada akainua macho kidogo, akamtazama yeye peke yake.

"Kuna giza, mtani," akasema.

Wakacheka zaidi. Masanja hakucheka.

Nilidhani, na nadhani Mama naye alidhani, kwamba mambo sasa yatakwenda mbele: ametolewa, ametimia, mwaka ujao atakubaliwa tena. Lakini mwali akitolewa, kutolewa kwenyewe ni kutangazwa. Hatukuwa tumelifikiria hilo, au Bibi Mgeni alilifikiria peke yake. Kabla mavumbi ya ngoma hayajatulia, wazee wa karani mmoja wa mizani, Rajabu, walikuja Mikumi kuposa, na mkaja na heshima zote. Mjomba Athumani, siku zake za kwanza kwenye kigoda, aliulizwa na watu wazima mbele ya watu wazima, angesemaje hapana? Amwambie nani kwamba mwali huyu mzuri ana ahadi na meli iliyokwisha kuondoka? Dada aliulizwa, kama sheria inavyotaka. Alinyamaza, na kimya cha mwali ni ndiyo. Rajabu alimtunza vizuri, wala sina neno juu yake. Watoto saba. Kufundisha aliacha alipopata wa kwanza.

Bibi Miwani alikuja mara moja tena, mwaka uliofuata, pale kambini Kimamba. Alikuja na habari kwamba kuna nafasi nyingine, akamkuta Dada ameketi mlangoni kwa Mama anachambua mchele, tumbo limemtangulia. Wakaamkiana. Bibi Miwani akamshika mkono akaushikilia, kisha akauachia, akaomba maji ya kunywa. Mimi ndiye niliyemletea kikombe. Aliyanywa yote, akanitazama, na nikaona macho yale yale aliyokuja nayo siku ile ya kinu kuleta habari za Dada.

"Na huyu?" akauliza. "Wewe unasoma darasa la ngapi, mtoto?"

Mama alijibu kwa ajili yangu, kwa furaha, kama mtu aliyejifunza kitu na anataka mgeni ajue kwamba amejifunza.

"Huyu wala usiwe na wasiwasi, mama. Kwa dada yake tulikosea, tulichelewa. Kwa huyu hatuchelewi tena. Akitaka kusoma, akitaka kwenda kokote, itamkuta yuko tayari. Huyu anaingia ndani mvua zikikatika."

Mvua zilikatika mapema mwaka ule.